Kuachwa kwa Agizo la Kapinga

Othmar Kapinga alirudi Mapera kwa likizo ya siku ishirini na nane, na kufikia siku ya kumi na moja alikuwa bado hajatulia mahali pamoja hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Jumapili alitoka kanisani kabla ya baraka. Alikwenda kumsalimu baba yake mdogo akaaga ugali ukiwa jikoni, jambo ambalo kwa Wamatengo si la kusameheka upesi. Watu wakasema mji umemharibu. Mwishowe akachukua jembe, akapanda mteremko wa marehemu baba yake kwenda kuchimba ngolo, kazi aliyoiacha tangu alipopelekwa shule ya bweni.

Ngolo haichimbwi na mtu mwenye mawazo mengine. Majani yaliyofyekwa hupangwa chini kwa mistari inayokatizana, mlima mzima ukawa kama dirisha lenye vioo vingi. Kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufukiwa juu ya majani. Panabaki shimo katikati na tuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya tuta, mvua hukaa shimoni. Anayejua kazi hulifanya tuta liweze kuzuia maji ya shimo lake. Othmar alichimba mashimo kumi na sita siku ya kwanza. Mvua ya usiku ilivunja tisa, na kila moja lilipovunjika lilimwaga maji yake kwa jirani na kumvunja naye.

Alisimama asubuhi akiyatazama, matope yamemfika magotini. Hakuwaza maharage. Aliwaza karatasi iliyokuwa nyumbani ndani ya mkoba wake.

Mwaka huo ulikuwa 1975. Othmar alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba, na kazi yake ilikuwa ngumu kuieleza kwa watu wa kwao. Alifanya kazi Dar es Salaam, katika chumba chenye kompyuta, mashine kubwa kama kabati sita zilizopangwa ukutani. Mashine ile haikuelewa Kiswahili wala Kimatengo. Iliamriwa kwa lugha yake, na lugha hiyo ilikuwa na maagizo machache tu: jumlisha, linganisha, ruka. Halikuwamo agizo la kuchukua jina zima la mtu kutoka kwenye kadi na kuliweka mahali pake ndani ya mashine. Mwaka 1967 Othmar alilitunga agizo hilo, akaliita NAKILI, likaongezwa kwenye lugha ya chumba kile. Wenzake walifurahi mno. Kazi ya wiki ikawa ya asubuhi moja. Waliliita Agizo la Kapinga, na wageni waliotembelea chumba kile walionyeshwa kwanza mashine, kisha wakaonyeshwa Kapinga.

Agizo hilo lilikuwa na tabia moja. Lilinakili jina herufi kwa herufi mpaka lilipokuta nyota iliyotiwa mwishoni mwa jina. Halikuuliza nafasi iliyotengwa ni kubwa kiasi gani. Jina likiwa refu kuliko nafasi yake, NAKILI liliendelea kuandika, likikanyaga kilichokuwa kimehifadhiwa mbele, kisha likanyamaza kana kwamba hapakutokea kitu.

Tarehe 3 Februari, Dorothy, mwenzake wa ofisini, mwenyeji wa Liuli, alimwekea mezani karatasi tatu za majaribio. Dorothy hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa ametunga agizo jipya, NAKILI-KIASI, ambalo lilitaka kuambiwa mambo mawili: jina gani, na nafasi yake ni herufi ngapi. Likifika ukingoni husimama na kupiga chapa onyo. Mkuu wao alilipokea siku ileile. Akataka tangazo litolewe kwamba NAKILI limepitwa na wakati na lisitumike tena, na kwa heshima akataka tangazo hilo litiwe saini na mtungaji mwenyewe. Likaandikwa kwa taipu. Palibaki mahali pawili patupu: Sababu, na Saini.

Othmar alikaa nalo mwezi mzima na zaidi. Kila alipoulizwa alisema analifikiria. Ukweli ni kwamba hakuwa na la kufikiria. Kosa alilijua tangu dakika ile Dorothy alipoweka karatasi mezani. Alichotafuta ni namna ya kuandika sababu ambayo isingemtaja. Likizo ilipofika aliitia karatasi mkobani, akapanda basi la Songea. Mtu akikimbia kazi ya dhamira hujiita amechoka, na Othmar alijiita hivyo njia nzima.

Saa nne asubuhi siku hiyo, Flavia alimkuta pale pale shambani. Flavia alikuwa mdogo wake wa kufuatana, ameolewa Lituhi, kando ya ziwa, na mwalimu mkuu wa shule, Kilian Mbele. Alikuwa ametoka ziwani jana yake, nusu ya njia kwa lori la mihogo na nusu kwa miguu, na kanga yake ilikuwa na matope kuliko suruali ya kaka yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona hukuleta habari kwamba unakuja? Watoto hawajambo?"

"Watoto hawajambo. Hizi ndizo ngolo zako?" Aliyatazama mashimo yaliyovunjika. "Baba angekuchapa."

"Kilian yuko wapi?"

Flavia aliketi juu ya tuta lililobaki. "Kilian amesimamishwa kazi. Wiki ya tatu sasa. Alhamisi anasikilizwa Mbinga. Wakimwona ana hatia anafukuzwa, na nyumba ya shule tunatoka, na jina lake ndiyo basi. Kaka, wanasema ameandika watu hewa."

Alieleza mpaka akamaliza, bila kulia. Wakati wa kuhamia vijiji, Kilian alipewa kazi ya kuandika kaya zote za kijiji kipya kaskazini mwa Lituhi. Kaya mia mbili na kumi na mbili. Aliziandika mwenyewe nyumba kwa nyumba, fomu zikapelekwa Dar es Salaam. Mwezi wa pili orodha ikarudi imepigwa chapa na mashine, na kaya arobaini na tatu hazikuwamo. Zilionekana katika vijiji vya mikoa mingine, nyingine katika vijiji ambavyo havipo kabisa. Na mjane mmoja mzee, Emerensiana Nathanieli Ndunguru, anayeishi na mjukuu mmoja, alionekana ana kaya ya watu arobaini na tisa.

"Arobaini na tisa!" Flavia akasema. "Bibi yule ana sufuria moja. Wanasema Kilian amewaficha watu wasiotaka kuhama, akaandika wengine wasiokuwapo. Wanasema anapinga vijiji. Kilian! Aliyebeba milango ya watu mgongoni kuwahamisha!"

Othmar aliuliza, "Majina aliyaandikaje? Kwa vifupi?"

"Kaka, unamjua Kilian. Ukoo wa Ndunguru peke yao ni nyumba thelathini. Watoto wanabatizwa jina la mtakatifu wa siku hiyo, kwa hiyo kila nyumba ina Ildefonsi wake. Ukiandika I. N. Mapunda, watakuja wazee watano kukuuliza ni nani. Kilian huandika jina la mtu, la baba yake na la ukoo, yote mazima. Alisema hatamkata jina mtu aliyebatizwa. Na fomu yenyewe ilikuwa na visanduku thelathini na sita vya jina, akavijaza."

Othmar alijua ndani ya mashine palitengwa nafasi ishirini na nne. Programu ya orodha ile ilikuwa ya mtu mwingine, aliyeirithi kutoka kazi ya zamani. Baada ya nafasi hizo ishirini na nne ilifuata nambari ya kijiji, na baada ya nambari ya kijiji ilifuata idadi ya watu wa kaya.

"Wewe ni mtu wa mashine," Flavia alisema. "Njoo uwaambie Kilian si mwongo. Watakusikiliza."

"Nitakuja."

"Mbona umegeuka rangi?"

"Nimesema nitakuja, Flavia."

Hakumwambia. Siku nzima iliyofuata walikuwa pamoja, wakitembea kwenda Mbinga kwenye matope, wakipumzika kwa watu, wakila mahindi ya kuchoma, na hakumwambia. Mara kadhaa alifungua mdomo. Akasema mvua mwaka huu ni nyingi. Akasema kahawa inaonekana itazaa. Flavia alimtazama kwa jicho la upande kama anavyotazamwa mgonjwa anayekana homa.

Alhamisi, tarehe 20 Machi, kikao kilikaa katika chumba kimoja cha ofisi za serikali pale Mbinga. Walikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti wao alikuwa Bwana Mgonja, mtu wa Same aliyehamishiwa huku miaka miwili nyuma, mrefu, mwenye miwani, ambaye watu walimwogopa kwa sababu hakupokea hata ndizi. Kilian aliketi peke yake kwenye kiti cha kati, amevaa koti lake la harusi. Othmar na Flavia walipewa benchi la ukutani.

Kilian alipomwona Othmar alitabasamu kidogo. "Shemeji, umeacha bahari kuja kuniona nikinyongwa?"

"Kimya," alisema mmoja wa wajumbe.

Orodha ilisomwa. Kila kaya iliyopotea ilitajwa, na Kilian akajibu kila mara jibu lilelile: "Nilimwandika kijijini kwake, nambari sifuri tisa moja saba." Walipofika kwa mjane, wajumbe wawili walicheka.

"Watu arobaini na tisa, Mwalimu. Wanalala wapi?"

"Niliandika wawili."

"Mashine inasema arobaini na tisa. Mashine ina ugomvi gani na wewe?"

"Sijawahi kuiona, Ndugu mjumbe. Labda yenyewe inanijua."

Bwana Mgonja hakucheka. Aliuliza kama kuna shahidi. Othmar akasimama, akaeleza kazi yake na mahali anapofanya. Pakatokea mnong'ono wa heshima.

"Na huyu mtuhumiwa ni nani kwako?"

"Ni shemeji yangu, Ndugu Mwenyekiti."

"Aa," alisema Bwana Mgonja, akaegemea kiti. "Hata kwetu Upare tunao mashemeji. Haya, mtetee."

Wote walicheka, na Othmar mwenyewe akacheka, kicheko kibaya cha mtu anayejipendekeza. Kisha akasema yale aliyoyaandaa njiani. Kwamba huenda kulikuwa na kasoro ya kiufundi. Kwamba katika mfumo mkubwa kama ule, wakati mwingine, taarifa ndefu huleta matatizo ambayo hayakutarajiwa. Kwamba yafaa kikao kimfikirie Mwalimu kwa huruma.

"Huruma sina, nina orodha," Bwana Mgonja alisema. "Kasoro hiyo ni ya nani?"

"Ni ya mfumo."

"Mfumo ulizaliwa na nani? Ndugu Kapinga, mimi kila siku naletewa watu wanaosema gari limepotea lenyewe na saruji imelowa yenyewe. Kama kuna mtu aliyekosea, mtaje. Kama hayupo, kaa chini, tumalizane na Mwalimu."

Othmar alitazama benchi. Angeweza kuketi. Angeweza pia kumtaja mtu aliyetenga nafasi ishirini na nne, na asingesema uongo, kwa maana mtu yule naye alikosea. Lakini kosa la yule lilikuwa la kipimo kidogo. Agizo lake yeye ndilo lililovunja tuta, likaharibu kwa jirani, na halikumwambia mtu. Kwa miaka minane alikuwa amepokea sifa za agizo lile kwa jina lake. Lawama zake sasa alitaka ziitwe mfumo.

"Kasoro ni yangu," alisema. "Agizo linalonakili majina ndani ya mashine nililitunga mimi, na halipimi nafasi."

Flavia aligeuka. Kilian hakugeuka.

"Unasema hivyo kumwokoa shemeji yako," Bwana Mgonja alisema.

"Basi nipimeni. Nipeni fomu alizoandika Mwalimu kwa mkono wake. Orodha ya mashine kaeni nayo ninyi, nisiione. Nitawaambia kila kaya ilikokwenda."

Wajumbe walitazamana. Mwenyekiti akasukuma bunda la fomu mezani, akaivuta orodha kifuani kwake kama mchezaji wa karata.

Othmar alichukua penseli. Alihesabu herufi za jina na mwanya baina ya maneno. "Ildefonsi Nathanieli Mapunda. Ishirini na nane. Nafasi iliyotengwa ni ishirini na nne. Zimezidi nne, nazo zimeangukia juu ya nambari ya kijiji. Mashine ikitaka nambari ikakuta herufi, huisoma herufi kama tarakimu, kwa jinsi kadi inavyotobolewa. U ni nne, N ni tano, D ni nne, A ni moja. Huyu yuko kijiji nambari nne tano nne moja."

Bwana Mgonja alishuka na kidole kwenye orodha. Kidole kikasimama. "Nne tano nne moja. Kijiji cha huko Ziwa Victoria." Hakuonyesha lolote usoni. "Mwingine."

"Marselina Ignatio Ndunguru. Ishirini na sita. Zimezidi mbili, R na U. Tisa na nne. Tarakimu mbili za mwisho zimebaki za kwao. Tisa nne moja saba."

"Ndiyo."

"Vitalia Nathanieli Ndimbo. Ishirini na tano. Imezidi moja, O, ambayo ni sita. Sita tisa moja saba."

"Kijiji hicho hakipo," alisema mjumbe aliyekuwa akicheka.

"Najua hakipo."

Bwana Mgonja alichagua fomu mwenyewe katikati ya bunda. "Na huyu? Hilaria Ildefonsi Ndimbo. Amekwenda wapi?"

Othmar alihesabu, akarudia. "Ishirini na nne kamili. Limejaa bila kumwagika. Yuko nyumbani kwake."

Kidole kilishuka polepole. "Yuko nyumbani kwake," Bwana Mgonja alisema. Sasa alivua miwani. "Na yule mjane?"

"Emerensiana Nathanieli Ndunguru, thelathini na moja. Zimezidi saba; ya mwisho tuiache, imepita mbele. Nne za kwanza zimemtoa kijijini. Mbili zilizofuata zimeangukia juu ya idadi ya watu. U na R. Nne, tisa."

Hapakuwa na aliyecheka. Mjumbe mmoja alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaomba radhi kwa mtu asiyekuwapo, "Arobaini na tisa."

Waliendelea mpaka kaya zote arobaini na tatu zikaisha. Hakukosea hata moja, na alivyozidi kupata ndivyo alivyozidi kujisikia vibaya, kwa sababu kila jina alilopatia lilikuwa ni mtu aliyemhamisha yeye.

Kikao hakikuwa na la kujadili. Mwenyekiti alisema Mwalimu Kilian Mbele hana hatia, anarudi shuleni Jumatatu, na barua itasomwa mbele ya wanakijiji wote ili waliosikia tuhuma wasikie na haya. Flavia alijifunika uso kwa kanga. Kilian alisimama, akashukuru, akaketi tena. Halafu akamgeukia Othmar, na hakumwita shemeji.

"Kosa hili ulilijua lini?"

Chumba kilikuwa kimeanza kuvutavuta viti. Mjumbe aliyekuwa amesimama akaketi tena.

"Tarehe tatu Februari," Othmar alisema.

"Mimi nilisimamishwa tarehe ishirini na sita. Siku ishirini na tatu ulikuwa unajua. Na baada ya hapo nimekaa siku ishirini na mbili nyumbani, watoto wa shule wakipita dirishani wanasema yule ni mwizi wa watu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa na karatasi."

"Karatasi gani?"

Othmar aliitoa mkobani. Ilikuwa na alama ya mkunjo na tone la matope. Aliisoma kwa sauti, kwa maana sasa kusoma kimya kungekuwa kujificha tena. "Agizo NAKILI limepitwa na wakati. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1975 lisitumike katika programu yoyote mpya. Programu za zamani zibadilishwe zitumie NAKILI-KIASI kabla ya tarehe 31 Machi 1976, ndipo NAKILI litakapoondolewa katika lugha. Sababu." Akamwonyesha mahali patupu. "Hapa niliacha."

"Andika," Kilian alisema.

Othmar aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya bunda la fomu: Halipimi nafasi kabla ya kuandika. Limeharibu orodha za watu na kumtia hatiani asiye na kosa. Nililitunga mimi, nami nilichelewa kusema. Akatia saini. Bwana Mgonja aliomba aione, akaisoma, akagonga mhuri wa tarehe bila kuombwa.

Kilian naye akaisoma. Alisoma kama anavyosahihisha daftari, kidole chini ya kila mstari, na kidole kikasimama kwenye mwaka 1976.

"Mwaka mzima?"

"Ndivyo inavyofanywa. Nikiling'oa leo, kila programu inayolitumia itasimama. Kuna mishahara, kuna orodha za dawa. Watu wapewe muda wa kubadilisha."

"Na katika huo muda litakuwa linafanya nini? Litakuwa limelala?"

Othmar alikitazama kile kidole juu ya mwaka.

"Mimi nimepona kwa sababu Flavia ana kaka," Kilian alisema. "Huko kwingine kuna mwalimu ambaye mkewe hana kaka Dar es Salaam. Ana watu wake wenye majina marefu, na orodha inakuja. Wewe unarudi zako kuchimba ngolo?"

"Mume wangu," Flavia alisema, "amekwisha kukubali."

"Nimesikia amekubali. Namuuliza anafanya nini."

Bwana Mgonja alikuwa amekwisha kufika mlangoni, miwani mkononi, akageuka. "Ndugu Kapinga, programu hizo unazijua?"

"Nyingi nazijua. Walioziandika niliwafundisha mwenyewe."

"Zipi zinaandika majina ya watu?"

Othmar aliketi katika kiti alichokuwa amekikalia mtuhumiwa. Akageuza ukurasa wa nyuma wa fomu moja iliyoharibika, akaanza kuandika zile ambazo haziwezi kusubiri mwaka. Orodha ya vijiji, ikome kabla ya mkoa mwingine kupigwa chapa. Uhamisho wa walimu. Waliochaguliwa kuingia sekondari. Wauguzi. Aliandika jina la programu, jina la mwenye kuitunza, na nafasi iliyotengwa kama alivyoikumbuka. Pale asipokumbuka alitia alama ya kuuliza. Alimwomba karani wa ofisi amwandikie simu ya maandishi kwenda kwa Dorothy, kwamba tangazo limetiwa saini, kwamba asingoje posta, kwamba yeye mwenyewe anaondoka Mbinga kesho na lori la kwanza kwenda Songea na siku zilizobaki za likizo zifutwe.

"Karani atataka maneno machache," Bwana Mgonja alisema.

"Aandike yote."

Nje watu waliokuja kusikiliza walikuwa wakimpongeza Kilian kwa vigelegele na kumshika mkono, na Flavia akawa kama bibi harusi. Kilian alitoka akasimama nao kwa muda mfupi. Kisha akarudi ndani, akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza. Hakusema kwamba amesamehe, na Othmar hakumwomba. Alichukua penseli nyingine, akawa anasoma kila mstari ulioandikwa.

"Hii ya wagonjwa wa kifua," alisema. "Umeweka alama ya kuuliza. Nafasi ni ngapi?"

"Sikumbuki. Ishirini, nadhani."

"Ishirini haimtoshi hata Emerensiana na baba yake. Iweke juu kabisa."

Othmar akaifuta, akaiandika juu kabisa. Alipofika chini ya ukurasa alikuwa na programu kumi na tisa, na ndipo akakumbuka kwamba mwaka 1970 alikwenda Mwanza kuwafundisha watu wa huko agizo lile kwa majuma mawili, na wao wakawafundisha wengine asiowajua.

"Bwana karani," aliita, "niletee karatasi nyingine."